Manifodi ya Gari la Spoti kwenye Pikapu ya Pascaline

Pikapu ile ni ya Pascaline, na makazi yote ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, yanalijua hilo. Aliipata kwa maharagwe: miaka sita ya kulima, kukodi mashamba ya jirani na kuuza gunia moja moja mpaka Mbarara. Mumewe, Modeste, ndiye dereva na ndiye fundi, na ukimuuliza atakwambia bila haya kwamba cheo cha mume kinakuja nyuma ya hivyo viwili. Wenzao wa Kivu ya Kusini waliopokelewa pamoja nao kwenye kituo cha Kabazana humtania kwamba Modeste aliolewa na gari. Yeye hucheka tu, maana hajui kukaa mbali na injini.

Huko kwao Uvira alikuwa mtu. Si tajiri, lakini mtu. Wenye magari walivuka mpaka kutoka Bujumbura kumfuata yeye, wakapita gereji nne njiani bila kusimama. Kazi alifundishwa na mzee mmoja Mrundi, Niyomugabo, ambaye hakujua kuandika hata jina lake lakini alijua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu, huku akimenya karanga. Modeste alirithi masikio yale. Sasa Nakivale masikio hayo yana kazi gani? Kuna pikipiki, kuna mashine za kusaga, kuna pikapu ya mke wake. Fundi wa namna ile kusifiwa kwa kuziba pancha ni karibu na kutukanwa, na mimi simlaumu aliponuna.

Mwaka huu pikapu ikaanza kutetemeka. Modeste alifungua boneti, akasikiliza, akajua: manifodi ilikuwa na ufa. Manifodi ni ile mirija minne ya alumini inayopokea hewa na kuigawia kila silinda fungu lake. Ikipasuka, injini huvuta hewa ya wizi, ikakosa nguvu na kuzimika njiani. Aliziba ufa kwa gundi ya chuma. Gundi ikashika siku tatu, ikabanduka. Akaziba tena. Jumamosi mbili mfululizo Pascaline alifika Mbarara amechelewa.

Na Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Wake za wanajeshi pale kambini Mbarara wana umoja wao, na anayeuongoza ni Goreti, mke wa sajini, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole na msimamo wa chuma. Kila Jumamosi saa nne asubuhi wanakusanyika nje ya geti na mabeseni yao, wanagawana maharagwe ya Pascaline, magunia kumi na mawili, kisha kila mtu anarudi kwa watoto wake. Magunia hayo si ya Pascaline peke yake. Wako wanawake wengine saba wa kikundi chake, na hakuna kati yao aliye na mnunuzi mwingine wa kutegemewa.

Jumamosi ile ya pili Goreti alimvuta Pascaline pembeni, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Maama Adélaïde, mimi nakupenda. Lakini hawa wanawake hawawezi ngojea wewe mpaka saa sita. Wiki ijayo saa nne. Ukichelewa tena, mimi nachukua kwa ule mwanaume wa Isingiro. Yeye iko tayari, na gari yake haiko na magonjwa."

Pascaline aliitikia kwa kichwa. Modeste alikuwa hatua mbili nyuma yao, akayasikia yote.

Jumatatu alifungua manifodi, akaitia kwenye kiroba, akaenda nayo Mbarara kwa Hakim, muuza vipuri vya magari yaliyokufa. Hakim ni kijana wa maneno machache na ukweli mwingi, jambo ambalo katika biashara ile ni kama kumwona nyani mweupe. Aliigeuza manifodi mara mbili, akapitisha ukucha kwenye ufa.

"Mzee, ya pikapu kama hii mimi sina, na Mbarara yote hutapata. Lakini uko na njia mbili. Kule Kakiika kuna mzee anaitwa Kezironi, zamani alikuwa jeshi. Yeye anachomelea alumini. Hii anaweza kuunga, itakuwa mbaya kwa macho lakini itafanya kazi."

"Na njia ya pili?"

Hakim akavuta turubai. Chini yake palikuwa na gari la spoti, jekundu, la milango miwili, ambalo kijana mmoja wa mjini aliligongesha kwenye nguzo ya umeme. Mbele lilikuwa limekunjamana, lakini injini ilibaki nzima, na ilikuwa ndugu wa tumbo moja na ile ya pikapu. Manifodi yake ilikuwa juu kabisa, inang'aa, mirija yake mifupi na minene.

"Matundu ya boliti yanalingana, hiyo nimepima," Hakim alisema. "Lakini ona, hii ni fupi. Mimi sijui kama pikapu itaipenda. Wewe ndiyo fundi."

Modeste aliweka kiganja juu ya ile alumini. Hapo ndipo alipomkumbuka mzee Niyomugabo, aliyekuwa akisema kila mara: mrija mrefu unabeba, mrija mfupi unakimbia. Maana yake ni nyepesi. Injini ya mzigo inafanya kazi polepole, na mrija mrefu ndio unaoisaidia kuvuta ikiwa polepole. Mrija mfupi unaipa injini pumzi ikiwa imeshakolea mbio, lakini kabla ya hapo hauipi kitu. Modeste aliyajua hayo kama anavyolijua jina la mama yake. Akajiambia kwamba magunia kumi na mawili si mlima, akamwambia mzee anyamaze huko huko kaburini. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

"Nifungulie hii," akasema.

Kazi ilichukua siku mbili na nusu, na lazima tuseme ukweli, ilikuwa kazi safi. Alisugua uso wa injini mpaka ukawa laini kama sahani. Gasketi ya kuziba kiungo aliitengeneza mwenyewe: aliweka karatasi ngumu juu ya matundu, akagongagonga kingo kwa kichwa cha nyundo ndogo mpaka karatasi ikajikata yenyewe kwa umbo halisi. Waya wa kukanyagia mafuta ulikuwa mfupi kwa sababu mdomo wa manifodi hii ulitazama upande mwingine, akaurefusha kwa waya wa breki ya pikipiki. Manifodi ilikuwa na tundu moja lisilo na kazi kwenye pikapu, akaliziba kwa kipande cha alumini alichokikata kwenye sufuria. Sufuria ilikuwa imetoboka, lakini Pascaline alikuwa bado anaitumia kuchotea maharagwe, na hilo lilizua maneno yake.

Alhamisi alasiri aliwasha. Injini ikashika mara moja. Akaiacha ipate moto, kisha akaenda nayo, tupu, akapanda mlima bila shida mpaka kwenye lami ya Isingiro, akakanyaga.

Mwanzo haikufanya lolote la ajabu. Kisha, ilipofika katikati ya gia ya tatu, ikafunguka. Pikapu kuukuu ile, yenye mlango uliofungwa kwa mpira, ikaanza kulia mlio mmoja mrefu, mwembamba, safi, usio na kikohozi wala kwikwi. Ng'ombe wa kando ya barabara waliinua vichwa. Modeste machozi yalimtoka, na hayakuwa ya vumbi. Alikwenda mpaka mafuta yalipoanza kumtia wasiwasi, akageuza, akarudi akiwa mtu wa Uvira.

Pascaline alikuwa mlangoni anapepeta.

"Imepona," Modeste alimwambia.

"Itapanda na mizigo?"

Alikuwa na nafasi ya kujibu lolote.

"Itapanda."

Jumamosi waliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Pascaline alikaa mbele. Apolline, mwenzake wa kikundi, alikaa nyuma juu ya magunia, kanga ameifunga kichwani kwa ajili ya baridi. Barabara ya vumbi kwenye tambarare ilipitika vizuri. Kisha ukaja mlima ule wa kabla ya Isingiro, ambao kila mwenye gari Nakivale anaujua na hakuna anayeupenda.

Modeste aliingiza gia ya pili. Injini ikainama. Akaingiza ya kwanza. Pikapu ikapanda mita hamsini, ikapanda thelathini nyingine kwa shida, ikaanza kutikisa kichwa. Akakanyaga mafuta mpaka chini ili injini ikolee, lakini injini haikuwa na pa kukolea: magunia yalikuwa yanaivuta chini, na ile mirija mifupi haikuwa na la kuipa. Harufu ya klachi ikajaa ndani. Gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma.

"Apolline! Jiwe!" Pascaline alipiga kelele.

Apolline aliruka, akasukuma jiwe nyuma ya gurudumu. Walijaribu mara tatu, na mara tatu jiwe lilifanya kazi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa Modeste ulikuwa pale, katikati ya mlima, saa moja na nusu asubuhi.

Pascaline hakulaumu. Alishuka, akatazama juu, akatazama chini, akasema watashusha magunia sita. Vijana waliokuwa wakisukuma baiskeli zenye mikungu ya matoke waliwasaidia kushusha. Apolline akabaki chini na hayo sita. Pikapu ikapanda na sita yaliyobaki, huku inalalamika. Pascaline akabaki kileleni kuyalinda. Modeste akarudi chini kumchukua Apolline na magunia mengine. Kila gunia lilishushwa na kupakiwa upya. Mwishoni, kileleni, gunia moja lilipasuka mshono, wakaokota maharagwe vumbini kwa mikono yote sita. Walipomaliza, jua lilikuwa limepanda na saa ilikuwa imepita tatu.

Kwenye lami Modeste alikanyaga. Hata na mzigo, ilipofika kwenye tambarare injini ilifunguka, ikalia ule mlio wake. Na aibu yenyewe ni hii: alifurahi. Mke wake alikuwa amekaa pembeni na vumbi mpaka kwenye kope, anatazama saa ya simu kila dakika, na yeye moyo ulikuwa unacheza.

Walifika kambini saa nne na dakika hamsini.

Nje ya geti hapakuwa na mabeseni. Palikuwa na Goreti peke yake na lori dogo linaloondoka, tupu, dereva wake akiwapungia mkono kwa adabu. Goreti alikuja mpaka dirishani.

"Maama Adélaïde, nilingoja mpaka nne na robo. Wanawake walianza kelele. Nimechukua kwa yule wa Isingiro, alikuwa amefika." Akashika mkono wa Pascaline uliokuwa dirishani, akaubonyeza. "Na nimemwambia aje wiki ijayo pia. Nisamehe, dada yangu."

"Haina shida," Pascaline alisema, ingawa shida ilikuwepo, tena kubwa.

Askari wa getini alikuwa ameisikia pikapu tangu ilipokuwa mbali. Akasogea, akapiga boneti kofi la kirafiki. "Mzee! Hii mashine yako iko na nguvu sana! Nani alikutengenezea?" Modeste akaingiza gia, na askari akarudi kwenye kivuli chake.

Walisogeza gari mbali kidogo na geti, wakasimama. Pascaline alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Alipoongea, sauti yake ilikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe ilikuwa inatazama kwingine.

"Twende kwa Hakim."

"Kufanya nini?"

"Alikuuzishia kintu mubaya. Weye ulitumika kazi vizuri, nilikuona na macho yangu, siku mbili hata kula haukule. Anafikiri bakimbizi beko bajinga. Leo atanisikia, na soko yote itanisikia."

Na Modeste alijua kwamba angemsikia kweli. Pascaline akisimama mbele ya duka la mtu, wateja huondoka kwa wiki nzima. Ilikuwa rahisi. Ilibaki kuwasha gari tu na kukata kushoto, na kosa lingehamia kwa kijana aliyemwambia ukweli wote, naye angebaki kuwa fundi aliyedhulumiwa. Apolline alikuwa ameinama kutoka nyuma, anangoja.

"Hakim hana makosa," Modeste alisema.

"Njo nani iko na makosa?"

"Ni miye." Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. "Ile kintu ni ya kukimbia. Haiko ya kubeba. Nilikuwa najua, Mama Adélaïde. Nilijua palepale kwa Hakim. Na siku uliniuliza kama itapanda, nilikuwa najua."

Apolline akarudisha kichwa chake nyuma, akaanza kukaza kamba iliyokuwa imekazwa tayari.

 Lori la jeshi lilipita, vumbi likatua.

"Juu ya nini?" Pascaline akataka sababu.

Modeste alitafuta jibu la kifundi, la mirija na hewa na ufa, akaona halipo.

"Nilitaka kuisikia. Miaka mingi sijasikia injini inalia vile. Nilitaka kuisikia tu."

Pascaline alimgeukia, akamtazama kama anavyotazama maharagwe kabla ya kuyatia guniani, bila haraka na bila huruma.

"Na umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Ilikuwa muzuri?"

Alitaka kusema hapana. Alikuwa amechoka kumdanganya.

"Muzuri sana."

Pascaline akafumba macho, akayafumbua. Akavuta mlango wake uliokuwa haujafunga vizuri, akaufunga kwa ule mpira.

"Bon. Kwanza tupeleke maharagi ku soko, tuuzishe kwa bei watatupa. Kisha unaitoa ile kintu."

"Ndiyo."

"Leo."

"Leo."

Modeste akawasha gari. Barabara ya kwenda sokoni ilikuwa lami tupu, pana, haina mlima hata mmoja. Hakukanyaga mafuta.