Bandari ya Moshi na Mfongo Wetu wa Uru

Niliamini kwa moyo wote kwamba meli zingefika Moshi. Sikuwa peke yangu: nusu ya Uru iliamini, na nusu iliyobaki ilikuwa imeshaanza kuulizia nauli. Habari hiyo ilipandishwa mlimani na muuza chumvi mmoja. Alisema mwekezaji amepewa uwanja wa zamani wa mizigo kule stesheni, anajenga bandari kavu. Sisi watu wa migomba, kitu kikavu kwetu ni kitu kinachosubiri maji. Na maji yapo wapi? Yapo kwenye mfongo, ule mfereji waliochimba babu zetu kutoka mtoni, unaonywesha vihamba vyote, mashamba yetu ya migomba.

Basi wanaume wakagoma kuuzibua. "Tuwasafishie njia watu wa meli?" alisema Meku Aloisi, mzee wa mfongo. Tope likajaa, kiangazi kikakaza, na migomba ya bibi yangu, ambaye kihamba chake ndicho cha mwisho kufikiwa na maji, ikaanza kukunja majani. Nikatumwa mimi nikaone kwa macho yangu, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni na nina tai.

"Ila usimwambie mtu wa mjini ulichofuata," Meku akanionya. "Watakificha."

Asubuhi nilipanda pikapu ya ndizi. Nilikaa juu ya mikungu, juu kiasi kwamba nadhani nilikikaribia kilele kuliko watalii wengi. Dereva alizima injini Uru na sikumsikia akiiwasha tena mpaka tulipoona mabati ya mji. Kina mama wa sokoni tuliopanda nao walinitazama.

"Wewe na tai hiyo, unaenda wapi?"

"Kutembea tu, mama."

"Kutembea! Huyo anaenda kuposa, na ndizi zetu ndiyo mahari."

Mjini, mtaa wa Njoro, nilifikia kwa shangazi Felista, dada wa baba yangu, anayepangisha vyumba karibu na stesheni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mama yangu hajambo? Migomba yake?"

"Hajambo," nikasema. Ya migomba nikayameza pamoja na mtori wake wa ndizi, bakuli la ukubwa wa beseni la kuogea. Akasema kesho yake angepanda kumwona mama yake, tungekwenda wote.

Baada ya kula niliteremka kwenye maji ya Njoro. Yanatoka chini ya miti, safi, baridi ya kung'oa meno. Zamani madobi walifulia hapo mashuka ya Moshi nzima, na mawe waliyopigia nguo bado yapo, yamelainika kama vipande vya sabuni. Nilimkuta dobi mmoja tu. Akasema wenzake wamehamia kwenye mitumba, inalipa bila kulowa. Nikaondoka pale, nikavuka mtaa wa nyumba za wafanyakazi wa reli, nikatokea kwenye maghala.

Wakati ule treni ya abiria ilikuwa imeshaacha kuja, na nyasi kati ya reli zilinifika kiunoni. Maghala ya kahawa yalikuwa yamepata wenyewe wapya. La kwanza wanachomelea madirisha na mageti. La pili ni baa yenye viti vya plastiki, lakini ukiinama sakafuni bado unasikia harufu ya buni. Niliinama mara mbili, mhudumu akafikiri nimelewa kabla ya kuagiza.

Mbele ya baa ndipo palipokuwa na uzio mpya. Ndani yake niliona winchi, makontena yamepangwa kama ghorofa, na shimo ambamo ungeweza kuzika kanisa letu pamoja na kengele yake. Msimamizi, bwana mmoja wa Tanga, alinikaribisha vizuri.

"Wataka nini, bwana?"

"Kutazama tu, mzee. Maji bado hayajaja?"

"Ah, maji! Wiki ijayo, inshallah. Twangoja kufungua tu."

"Yanatoka wapi?"

"Yatoka huko mlimani kwenu. Yangetoka wapi tena?"

Sikumbuki niliagaje. Usiku shangazi aliniuliza mara kadhaa kama mtori ulikuwa umenidhuru.

Kesho yake tulipanda wote, yeye na kikapu cha dagaa, mimi na moyo mzito. Kwenye kichwa cha mfongo, unapotoka mtoni, tuliwakuta wanaume wamekaa, majembe chini, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Meku akasimama.

"Sema ulichoona."

Nikasema yote: makontena, winchi, shimo, maji ya wiki ijayo, maji ya kwetu. Mjomba mmoja akaanza kufunga jembe lake kwenye gunia, kama mtu anayehama.

"Si niliwaambia?" akasema Meku.

Shangazi alikuwa anatazama kule chini, kwenye migomba ya mama yake. Akatua kikapu.

"Shikamoo, Meku. Nina wapangaji wawili wanaofanya kazi pale. Bandari kavu ni uwanja wa kupokelea mizigo. Meli inabaki Tanga, makontena yanakuja kwa lori. Shimo ni la choo cha wafanyakazi, na maji ya wiki ijayo ni ya bomba moja la kunawia mikono. Hakuna anayeutaka mfongo wenu ila migomba ya mama yangu; haya, shikeni majembe."