Ndoo ya Pili

Usiku ule wa kuamkia mazishi ya mwenzangu Yona nililala na viatu miguuni. Sikukusudia. Nilikaa kitandani nikijiambia nitavivua sasa hivi, usingizi ukanichukua hivyo hivyo. Mke wangu angekuwapo angenisema mpaka asubuhi, lakini naye tulishamzika, na habari zake nitazifikia.

Nianze na sisi ni nani, maana watu wa mjini hunikodolea macho nikiwaambia. Sisi ni Wayahudi wa huku juu kwenye baridi, watu wa viazi na pareto, nyumba chache zilizotawanyika kwenye vilima vitatu. Sinagogi letu ni la mbao na mabati, na mvua ikinyesha humsikii anayesoma. Rabi wetu alikuwa mmoja kwa vilima vyote. Ndiye aliyetuchinjia, akatutahiria watoto siku ya nane, akapatanisha waliogombania mpaka wa shamba. Kila Ijumaa kabla jua halijashuka alizunguka kwa baiskeli kukusanya wanaume wafike kumi, kwa sababu kuna sala zisizosemwa bila kumi. Wa kumi mara nyingi nilikuwa mimi. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho, na sikatai, mimi ni mvivu. Alikuwa akisimama mlangoni na kuniambia Mungu amekwishakaa, ananingoja mimi tu nifunge vifungo vya shati.

Basi katika ndoto ya usiku ule Rabi alikuja hivyo hivyo, na baiskeli. Nilikuwa shambani nachimba viazi, na kila kiazi ninachotoa kimeoza katikati. Akaiegemeza baiskeli kwenye ua. Nikamsalimu, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amelowa, maji yanamtiririka kutoka kwenye kofia, lakini si mwili mzima. Kutoka bega la kushoto kushuka mpaka gotini alikuwa mkavu kabisa, na pale pakavu pana vumbi, vumbi jekundu la kiangazi, limemganda kama unga.

Nikajua papo hapo amekuja kwa ajili ya nini.

Kwetu maiti huoshwa na watu wake mwenyewe, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Akishasafishwa, humwagiwa ndoo tatu za maji, na maji hayo hayakatiki. Ndoo ya kwanza haijaisha, ya pili imeshaanza. Ya pili haijaisha, ya tatu imeshaanza. Ni mkondo mmoja kutoka kichwani mpaka miguuni. Ukikatika hata kidogo, mnarudi mwanzo, ndoo zote tatu. Rabi alitufundisha kwa gogo la mwerezi, mimi, Yona na Eliya, mwezi mzima, mpaka gogo likaota ukungu. Yona alikuwa akilitania gogo, akiliita shemeji.

Rabi alikufa siku ya Ijumaa, kiangazi kikali. Kisima cha karibu kilikuwa tope, na cha mbali ni mwendo wa kwenda na kurudi jua lizame. Jua likizama ni Sabato, na siku ya Sabato hatuziki. Tulikuwa na maji ya ndoo tatu, basi. Yona akamwaga ya kwanza. Ya pili ilikuwa yangu. Eliya alishika ya tatu, na macho yake yalikuwa yameanza kufa, ukimwambia mwaga anamwaga. Mimi nilikuwa nimesimama naitazama miguu ya Rabi. Ilikuwa imepasuka visigino kama yangu, kama ya mtu yeyote, na sijui kwa nini hilo lilinishangaza. Nilipoinua ndoo, ya Yona ilikuwa imeisha. Palikuwa na nafasi. Kama kuvuta pumzi mara moja, si zaidi.

Yona akanitazama. Nikasema, "Hayajakatika." Naye akanyamaza, tukaendelea, tukamzika jua likiwa bado juu ya kilima.

Hilo peke yake ningeweza kulibeba. Mimi nimebeba mengi. Lakini baada ya Rabi hakukuwa na mwingine. Hakuna rabi anayekuja kuishi kwenye baridi na watu wachache namna ile. Mimi niliyeishia darasa la tatu, Kiebrania nakijua kwa sikio tu, nikawa ndiye wa kuulizwa. Vijana wakaja kujifunza kuosha. Siku moja mmoja wao akakatisha maji juu ya gogo, akaniuliza, turudie? Nikaona Yona ananitazama. Kama ningesema ndiyo, ningekuwa nimejihukumu mbele yake. Nikasema yakikatika kidogo si kitu, endeleeni. Wakalishika hilo. Mke wangu akaenda akawafundisha wanawake vile vile, kwa kuwa mume wake ndiye aliyesema.

Sasa turudi kwenye ndoto. Rabi hayuko shambani tena, tuko ndani ya sinagogi, na simkumbuki aliyefungua mlango. Mabenchi yametolewa. Watu wamesimama kwenye foleni kama wanaongoja dawa zahanati, wako katika zile nguo nyeupe za kuzikiwa zisizo na mifuko. Ni wafu wetu wote waliokufa baada ya Rabi. Nawajua mmoja mmoja. Kila mmoja amelowa, na kila mmoja ana mahali pakavu. Huyu shingoni. Yule kifuani. Rabi anapita na ndoo, anawamwagia, na yale maji yakifika pale pakavu yanakwepa, yanapita pembeni. Anarudi kujaza. Anamwaga tena. Foleni inatoka nje ya mlango, inashuka kilima.

Mke wangu yupo katikati ya foleni. Amenipa mgongo. Kutoka begani mpaka kiunoni nguo yake imekauka, imekakamaa.

"Baba Debora," anasema bila kugeuka, "mgongo unaniwasha, na sifikii."

Nanyoosha mkono nimkune. Nilimkuna mgongo huo maisha yote ya ndoa yetu, na alizoea kunilaumu kwamba nakuna kama kuku. Mkono unakwenda, unakwenda, haumfikii. Namwita. Foleni inasogea, naye anasogea nayo.

Rabi ameweka ndoo chini. Amekaa kwenye ukingo wa jukwaa la kusomea Torati, amechoka kama alivyokuwa akichoka baada ya kuzunguka vilima vitatu akakuta wanaume tisa. Ananiuliza, "Simeoni, maji yalikatika?"

Nami, nisamehewe, hata usingizini, hata mbele yake, namjibu kwamba hayakukatika.

Anainamisha kichwa. Ndipo namwona Yona. Amesimama nyuma yake, hajavishwa bado, amejifunika kiganja mdomoni kama mtu anayezuia kikohozi.

"Na Yona kaniambia hivyo hivyo," anasema Rabi. "Kafika leo. Neno lake la kwanza huku limekuwa la uongo, kwa ajili yako."

Nataka kumwambia Yona atoe mkono. Sauti haitoki. Namuuliza Rabi, kwa moyo tu, nifanye nini kwa hawa wote, nifukue makaburi? Anatikisa kichwa. Anasema hawa hawaoshwi tena, imekwisha. Kisha ananishika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, ule mkavu, na vumbi linaniingia katika ngozi.

"Waambie kabla ndoo haijainuliwa."

Nikaamka. Viatu vilikuwa vimenibana, miguu imekufa ganzi, nje kuna ukungu na kunapambazuka. Nilikaa nikijiambia ni viatu tu vilivyoniletea yale mambo. Nilijiambia hivyo njia nzima mpaka sinagogi.

Yona alikuwa amelazwa kwenye chumba cha pembeni, waliomlinda usiku kucha kwa kusoma Zaburi wakijikunja kwa baridi. Walikuwepo Eliya, ambaye sasa haoni kabisa, na Amosi, mtoto wa kwanza wa Yona, na kijana mwingine. Ndoo tatu zilikuwa zimejaa maji ya kisima cha mbali, maana cha karibu kilikuwa tope tena. Amosi akanipa ya pili, kwa heshima, kwa mikono yote miwili, kwa sababu ndiyo yangu siku zote.

Nikaiweka chini, nikawaambia. Sikupamba. Niliwaambia ya Rabi, na ya gogo, na kwamba wote waliooshwa kwa neno langu hawakuoshwa sawasawa.

Wa kwanza kusema alikuwa Eliya. "Nilisikia siku ile. Mimi ni kipofu, Simeoni, si kiziwi." Akaongeza kwamba alingoja Yona aseme, kisha akangoja mimi niseme, kisha akazoea.

Amosi hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi.

"Na mama?" akauliza.

Mama yake tulimzika msimu wa viazi uliopita. Nikasema, naye pia.

Akaiokota ile ndoo ya pili miguuni kwangu. Hakupaza sauti. "Toka nje, mzee."

Nikatoka. Sijawahi kuambiwa hivyo na mtoto wa mtu. Nikasimama nyuma ya ukuta wa mbao, sikio kwenye ufa. Nikasikia wakimwomba Yona radhi kwa jina lake na la baba yake, kama inavyotakiwa. Nikasikia ndoo ya kwanza. Nikasikia ya pili ikiingia juu yake, vizuri kabisa, na nikafumba macho. Kisha maji yakakatika.

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Turudi mwanzo," akasema Amosi.

Akatoka na ndoo tupu mbili, akanipita pale ukutani bila kunitazama, akashika njia ya kisima cha mbali.