Gurudumu la Kushoto

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Taratibu huingia ndani ya gari lake, huliwasha, kisha hujinyoosha kupita kiti cha abiria na kuufungua mlango wa kushoto kwa ndani. Kitasa cha nje cha mlango huo kilikufa miaka kumi na moja iliyopita. Huuacha wazi muda wote injini inapokohoa, kutema moshi na kupata moto. Halafu huufunga, huzima, hurudi jikoni.

Majirani waliamini kwamba analipa gari hewa. Mmoja aliwahi kumtania kupitia juu ya ukuta kwamba gari lile linatunzwa kuliko mgonjwa.

"Taratibu, jirani," alijibu. "Hata mgonjwa hufunguliwa dirisha."

Neno hilo ndilo lililogeuka kuwa jina lake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa dereva wa idara ya maji, kazi yake kuwapeleka mafundi wa pampu kule ambako barabara huisha na safari bado ipo. Kila aliyemhimiza aongeze mwendo alijibiwa neno hilohilo moja, mpaka mafundi wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Idara ilipoletewa magari mapya, yale ya zamani yalipigwa mnada, naye akanunua lilelile alilokuwa akiliendesha. Aliliingiza uani jioni, honi ikilia yenyewe kila alipokata kona. Mkewe alitoka jikoni, akalizunguka mara moja, akashika kiuno.

"Basi nimeletewa mke mwenza," akasema. "Angalau huyu hatavaa khanga zangu."

Likawekwa chini ya paa la mabati palipokuwa pa kuanikia nguo. Nguo zikahamia upande wa pili, na kwa miaka mingi shuka za nyumba ile zilinuka dizeli kidogo, hata watoto walipolala ugenini walikosa usingizi.

Lilikuwa gari la kijivu ambalo zamani lilikuwa bluu, lenye turubai nyuma, la kuvuta kwa magurudumu manne, na lenye gia fupi ambayo ukiitia linapanda kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Mtaa mzima ulilitumia. Lilibeba matangi ya maji, makabati, vitanda, saruji, na siku moja ya mvua lilimbeba mama mjamzito ambaye mwanawe hakutaka kusubiri lifike hospitali. Katika safari zote hizo mkewe alikaa kushoto, chupa ya chai katikati ya miguu. Hakujua kuendesha hata baiskeli, lakini alijua kusikiliza. Angeweza kusema, "Kuna kitu kinalia chini," na kweli, kesho yake fundi angekitoa kimevunjika.

Sasa ni miezi kumi na minne tangu azikwe. Tangu siku hiyo gari halijakanyaga nje ya lami. Mtu akija kuliomba, Taratibu husema betri haina nguvu, na mwombaji huitikia kwa heshima, ingawa ameisikia injini asubuhi hiyohiyo.

Jumamosi tu ndipo alipolitoa, kwenda gereji. Pale, chini ya mti wa kivuli haba, kwenye uwanja uliolowa oili, walikutana wenye magari ya aina hiyo. Fundi mwenyewe alikuwa na lake, alilolitengeneza kwa vipande vya magari manne, na hakuna kipande kilichokubaliana na mwenzake kwa rangi. Mwalimu mstaafu alikuwa na la kwake ambalo sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu. Alisema hahitaji runinga, kwa sababu anaiona barabara katikati ya viatu vyake. Na Mama Kokoto, aliyeuza mawe na mchanga, alilitesa lake wiki nzima kwa mizigo na kulisafisha Jumamosi kwa mswaki, mpaka kwenye mianya ya taa.

Wakisha kunywa chai na kutukana magari ya wenzao, huondoka kwa msafara kwenda kwenye mto mkavu. Huvuka mchanga, hupanda mlima hadi nyumba ya pampu isiyotumika tena, hukaa juu ya boneti zenye joto, hula mayai ya kuchemsha, na kudanganyana kuhusu milima waliyowahi kupanda. Jioni hurudi. Hakuna wanachokwenda kuchukua huko.

"Leo unakuja?" Fundi humuuliza kila wiki.

"Wiki ijayo."

"Wiki ijayo yako ina ndevu sasa," husema Mama Kokoto. Lakini husema kwa sauti ndogo, na humfungia mayai mawili kwenye karatasi aende nayo nyumbani.

Binti yake wa mwisho alikuja Ijumaa, bila taarifa. Alikuwa mfamasia katika mji mwingine, na kazi ilikuwa imemwingia mpaka kwenye ulimi. Alizungumza kama anayeandika juu ya pakiti ya dawa. Hakuuliza mtu ameshindaje wala amekula nini; aliangalia, akaamua, akatoa maelekezo.

"Umepungua, baba. Utakula mara tatu, si mara moja. Taa ya choo imekufa, nimenunua nyingine. Na lile gari, nimelipatia mtu. Anakuja Jumapili saa sita."

Taratibu alikuwa amekaa kwenye stuli ya jikoni, ileile ambayo mkewe alikalia kumenya viazi. Kikombe kilikuwa kimoja mezani. Vingine vyote vilikuwa kabatini, vimefunikwa, kama mali ya mtu aliyesafiri.

"Mwanangu, mimi sijasema ninauza."

"Hujasema, lakini halitembei. Linakaa, linaoza, na wewe unakaa nalo. Majirani wameniambia. Kila asubuhi unaliwasha, hulipeleki popote. Baba, hiyo siyo raha ya gari. Hiyo ni kukesha msiba."

Taratibu aliinuka, akakiosha kikombe kile kimoja. Usiku alipolala alisikia vyumba vingine vitatu vikiwa kimya, na kimoja kikikoroma kidogo. Alishangaa jinsi koromo la mtu mmoja linavyoweza kuijaza nyumba.

Asubuhi, akiwa amewasha gari na kuufungua mlango wa kushoto, alimwona binti amesimama uani na mswaki mdomoni, anamtazama. Aliufunga haraka, kama aliyekamatwa akidokoa sukari.

"Leo ninakwenda mtoni na wenzangu," akasema, na yeye mwenyewe akashtuka kulisikia.

Binti alitema povu. "Nitakwenda nawe. Tupatane hivi: likivuka mchanga likapanda bila kukwama, namwambia mnunuzi asije, na sitalizungumzia tena. Likikwama, Jumapili linaondoka, na wewe unakuja kukaa kwangu."

"Gari hili halijawahi kukwama pale. Miaka ishirini na miwili."

"Basi huna cha kuogopa."

Gerejini walimpokea kwa kelele. Mwalimu alivua kofia. Mama Kokoto alimshika binti mikono yote miwili, akamtazama viatu vyeupe, akaguna. "Hivi viatu vinakwenda mtoni kwa kukusudia, au vimepotea njia?"

"Vitafuliwa, shangazi."

"Vitazikwa," akasema Mama Kokoto, na wote wakacheka, Taratibu naye, kicheko kilichomtoka kwa tabu kama bolti yenye kutu.

Binti akaenda upande wa kushoto, akavuta kitasa kilichokufa. Taratibu alijinyoosha, akamfungulia kwa ndani. Alipoingia na kuketi, Taratibu alitazama mbele. Kwa muda mrefu hakuthubutu kugeuza shingo upande ule.

Njiani walizungumza kidogo. Binti alisema kiti kimebonyea. Alisema turubai linahitaji kushonwa. Baadaye, wakiwa wameacha lami na vumbi likiingia kwa kila tundu, alisema, "Nilikuwa nakaa nyuma, na kaka. Sijawahi kuiona barabara kutoka hapa." Taratibu akasema ni kweli, walikaa nyuma, na walitapika nyuma pia.

Kwenye ukingo wa mto mkavu msafara ulisimama. Magari ya zamani kama hayo hayajifungi yenyewe. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifungio cha chuma, ukubwa wa kifuniko cha birika, na kabla ya kuingia kwenye mchanga sharti mtu ateremke akizungushe kwa mkono, cha kulia na cha kushoto. Ndipo magurudumu ya mbele yavute pamoja na ya nyuma. Kikibaki kimoja wazi, nguvu yote ya mbele hukimbilia upande huo na kupotea, na kile kingine kinakuwa pambo. Mwalimu alivizungusha vyake huku akivitukana. Mama Kokoto alilizunguka gari lake akiimba puani. Taratibu aliteremka, akainama, akazungusha cha kulia mpaka kikalia tak, akajipangusa mkono kwenye suruali, akapanda. Akaweka gia fupi. Akashika usukani kwa mikono miwili.

Akangoja.

"Wenzako wameshaondoka, baba," alisema binti.

"Eh," akasema Taratibu, akaachia klachi.

Walifika katikati. Mchanga ulikuwa laini kuliko alivyoukumbuka, lakini si laini wa kutisha; gari la Mwalimu lenye sakafu ya matundu lilikuwa limeshapita na kupiga honi ng'ambo. Kisha la kwake likapoteza nguvu. Aliongeza moto kidogo. Nyuma ikachimba, mbele ikatulia kama isiyohusika. Akajaribu kurudi, ikachimba zaidi. Sehemu ya chini ya gari ikakaa juu ya mchanga, na injini ikanguruma bila faida mpaka akaizima.

Ukimya wa pale mtoni ulikuwa mkubwa. Aliutambua, ndio uleule wa jikoni kwake.

Binti hakumcheka, wala hakusema nilikuambia. Hilo lilimuuma zaidi. Alifungua mlango, akateremka, viatu vyeupe vikazama. Taratibu aliteremka upande wake. Alimwona Fundi akija kwa miguu, jembe begani. Aliona pia gari lake, limeinamisha pua, zee, limechoka, na akahisi kwamba amelitazama kwa uongo kwa mwaka mzima. Labda limekwisha. Labda dereva ndiye aliyekwisha, na gari linafuata tu.

"Mpigie mtu wako," akasema. "Mwambie aje kesho. Tulipatana."

Binti alitoa simu mfukoni polepole, kama asiyetaka ipatikane. Ilipatikana. Alisema haloo, akajitambulisha, akasema anapiga kuhusu gari la baba.

Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la kulia. Aligusa kifungio. Kimefungwa. Akainuka, akazunguka pua ya gari, akachuchumaa kushoto. Alikaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kitu kidogo.

"Taratibu," aliita, bila kupaza sauti. "Bwana, hebu njoo huku."

Akaenda. Fundi alinyoosha kidole. Kifungio cha kushoto kilikuwa wazi, kimekaa vilevile kilivyokaa miezi kumi na minne, vumbi kavu limejaa kwenye mfereji wake.

"Gari halina ubaya," alisema Fundi. "Halikufungwa upande huu, basi."

Mama Kokoto alikuwa amefika na kamba ya kuvutia. Alikiona kifungio, akaiteremsha kamba chini. "Huo ulikuwa upande wa shemeji," akasema.

Ndiyo. Miaka ishirini na miwili Taratibu hakuwahi kukigusa. Lilikuwa jambo ambalo hawakupatana kwa maneno. Siku ya kwanza tu mkewe aliteremka kushoto naye kulia, na ikabaki hivyo. Yeye alimaliza haraka, akarudi kwenye usukani akangoja. Mkewe alikishika kwa ncha ya kitambaa asichafue vidole, akakizungusha, akapiga boneti makofi mawili: pa, pa. Taratibu akisikia ya pili, anaondoka. Leo alikuwa ameketi pale, mikono kwenye usukani, akiyasubiri makofi hayo kwa mwili wote, bila kujua anachosubiri.

Alifuta vumbi la kifungio kwa kidole gumba.

"Nikifunge?" Fundi aliuliza.

"Acha."

Mwalimu, aliyekuja akiwa na utani tayari mdomoni, aliumeza. Upepo ulipita juu ya mchanga, ukalitikisa turubai lililotaka kushonwa. Taratibu aliinua macho, akamkuta binti yake amesimama hatua mbili kutoka kwake, simu ingali sikioni, sauti ndogo ya mwanamume ikiita haloo, haloo ndani yake. Alikuwa anakitazama kifungio. Kisha aliutazama mlango wa kushoto, uliobaki wazi kama alivyouacha, na Taratibu aliona usoni mwake kwamba anaikumbuka ile asubuhi, uani, yeye na mswaki mdomoni.

Aliishusha simu, akaifunika kwa kiganja.

"Baba," alisema, na sauti yake haikuwa tena ile ya kwenye pakiti. "Sasa upande huu atakuwa anafunga nani?"

Taratibu alipiga goti mchangani, akakishika kile chuma. Kilikuwa kigumu. Alikizungusha mpaka kikalia.

"Nitakuwa nazunguka mwenyewe," akasema.