Upepo Uliojificha Kwenye Breki

Tangu asubuhi mshonaji alikuwa amesimama barazani, mkono kwenye breki ya pikipiki, akimtii mume wake. "Bana. Shikilia. Haya, achia." Mume alikuwa amelala ubavu kando ya gurudumu la mbele, spana mkononi, akifungua kinati na kukifunga ili upepo ulioingia kwenye breki utoke pamoja na mafuta machafu. Fundi yuko mtaa wa pili tu. Tatizo ni kwamba fundi mwenyewe ni kaka wa mshonaji, na mashemeji hao hawasalimiani tangu walipogombania nani aongoze msafara wa harusi. Basi mtu mzima na ndevu zake akaona afadhali ajifanye fundi kuliko kubisha hodi kwa shemeji yake.

Simu ikaita. Mume akapokea, akaanza kupiga soga, huku akifungua nati na kuamrisha kwa kidevu. Mshonaji akabana, akaachia, kisha akatupa jicho kwenye kikombe cha mafuta ya breki pale juu ya usukani. Kilikuwa kikavu.

"Baba watoto, mafuta yameisha huku. Tunaingiza upepo."

"Nimeona," akajibu, wala hakuwa ameona kitu.

Mume akajaza mafuta, wakarudia bana-achia mpaka mkono wa breki ukawa mgumu. Mume akainuka, kifua mbele.

"Umeona? Ngumu kama jiwe. Kaka yako angetuweka kwake kutwa."

"Lakini hii ina ABS, ile inayozuia gurudumu lisijifunge ukibana ghafla. Kaka alishasema, upepo ukiingia kwenye kile kidude chake unajificha mle. Unaweza kubana breki ukaiona nzima, kumbe bado."

"Kaka alisema, kaka alisema. Si ukaishi kwa kaka yako?"

Maneno hayo yalimchoma, ila angeyameza kama alivyomeza mengine. Kilichomkaba ni binti yao. Mchana huohuo mume alitaka kumpakia nyuma ampeleke masomo ya ziada, kwa ule mteremko unaoangukia barabara ya malori. Mtu amekausha kikombe kwa umbea wa simu, anajua amekikausha, halafu anataka kumteremsha mtoto kwa breki hiyo kwa sababu tu ya kiburi. Hasira zilimpanda.

Mume alipoingia ndani kunawa, mshonaji akachukua ufunguo, akaenda na pikipiki kwenye uwanja mtupu nyuma ya ghala. Akabana breki taratibu; ikashika vizuri. Akaenda tena, safari hii kwa kasi, akabana kwa nguvu zote penye changarawe. ABS ikaamka, breki ikamtikisa vidoleni, kisha ghafla mkono wa breki ukalegea na kulala wote kwenye usukani. Gurudumu la mbele likaendelea kwenda zake. Breki ya nyuma ndiyo iliyomsimamisha, hatua chache kutoka ukuta wa ghala.

Alirudi akiisukuma, jasho likimtiririka, akimtukana mumewe kimoyomoyo matusi ambayo hakujua kama anayajua.

Mume alikuwa mlangoni. "Nani kakwambia uiguse? Umeshaiharibu!"

"Panda," akasema mshonaji.

"Nini?"

"Nimesema panda. Kaa hapo ubane mwenyewe."

Akapanda shingo upande, akabana. Mkono wa breki ukashuka bila ubishi mpaka ukagusa usukani. Akaachia, akabana tena. Hamna kitu.

"Ilikuwa ngumu," akanong'ona. "Wewe mwenyewe uliiona."

"Na kikombe kilikuwa kikavu. Hilo nalo uliliona?"

Binti yao akatoka ndani na mkoba mgongoni, akamkuta baba yake ameshakaa kwenye pikipiki. Akapanda nyuma kama siku zote, akamzungushia baba mikono kiunoni na kumlalia mgongo.

"Twende, Baba."

Mume bado alikuwa amebana ile breki, vidole vimekwama. Mshonaji hakumsaidia. Alikuwa na hasira bado, na alitaka mumewe aisikie ile mikono midogo kiunoni mwake mpaka imwingie.

"Shuka, mama," mume akasema mwishowe. "Shuka. Naipeleka kwa mjomba wako."