Mwalimu aliyecheka waliofukuzwa Marekani, na mursik ya binti yake

Wakuu, nawasalimia kutoka Mogogosiek, kaunti ya Bomet, mahali ambapo ukigeuka kila upande unaona majani chai tu.

Ndugu zetu wa Bongo mkisema "hiyo ni chai" mnamaanisha uongo. Mimi naishi katikati ya chai, lakini hii ninayowasimulia ilitokea na nilikuwepo. Nimebadilisha majina peke yake, kwa sababu wahusika ni majirani zangu.

Mnijue kwanza. Mimi ni Mjaluo wa kuzaliwa hapa hapa. Baba alikuja kufanya kazi factory, akazeekea huku, nami nikabaki. Nina kioski cha kutengeneza simu kando ya buying centre, kile kibanda ambapo wakulima wanaleta majani mabichi na kungoja lori.

Pia nakodisha PA system, zile spika za harusi na mikutano ya kanisa. Hiyo PA msiisahau.

Sasa, lori huchelewa. Na watu wakingoja lori, wanapiga siasa. Mgeni akipita anadhani tunabishania gavana. Hapana, sisi tunabishania Marekani.

Spika wa hilo bunge letu ni Mwalimu Koech. Ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu mnyoofu ambaye akikuahidi atakuja, anakuja hata mvua ikinyesha. Kanisa lao lina marafiki Wamarekani waliokuja zamani kuwajengea darasa la Sunday school. Ni watu wa mrengo wa conservative, yaani wahafidhina, na Mwalimu aliuchukua urafiki wao pamoja na siasa yao yote.

Kila asubuhi ananiletea simu nimwekee bundles na kumfungulia video za wachambuzi wao. Halafu anatoka nje kutufundisha.

Kwenye habari ya nchi marafiki wa Marekani alikuwa anayumba kidogo. Siku moja amesikiliza mchambuzi anayesema Marekani isiwaache washirika wake, basi anatuambia rafiki hatupwi. Kesho yake amesikiliza yule anayesema pesa yao ibaki kwao, basi anatuambia kila mtu alishe watoto wake kwanza. Tukimcheka anasema hata wao wenyewe bado wanabishana.

Lakini kwenye mambo mawili hakuyumba hata siku moja. Moja, serikali ya Marekani ifungue mafaili yake ya siri. Wale viongozi wa upande wake waliahidi kuweka kila kitu wazi, na Mwalimu alitaka wafungue yote, hata yale yanayowachoma wao. Alisema anayeficha ameshaanza kudanganya. Hapo nilikuwa namheshimu sana.

La pili lilikuwa wahamiaji. Asiye na karatasi arudishwe kwao, basi.

Na zile video za watu wakifungwa pingu na kupandishwa ndege, jamani, Mwalimu alikuwa anazicheka. Alikuwa na kicheko kirefu kinachoishia kwa kikohozi. "Warudi wachume chai," anasema, na sisi tunacheka naye.

Mtu mmoja tu hakuwa anacheka, Mama Shiro, Mkikuyu mwenye hoteli ya chai na mandazi pale mkabala. Siku moja alimuuliza: "Mwalimu, kama sisi ni marafiki wa Marekani, mbona mtoto wa dada yangu alinyimwa visa na hakuna mtu alimwambia ni kwa nini?" Mwalimu akasema atamjibu kesho. Nadhani mpaka leo anangoja.

Sasa sikilizeni vizuri.

Mwalimu ana binti anaitwa Chebet. Alienda Marekani kusomea nursing, na kijiji kizima kilimsindikiza. Mke wangu alisoma naye high school, wakabaki marafiki. Kwa hiyo sisi tulijua kitu ambacho baba yake hakujua: shule ilimshinda katikati sababu ya karo, visa yake ya mwanafunzi ikafa, naye akaendelea kukaa akifanya kazi ya kulea wazee.

Kila alipotaka kumwambia baba yake, alimsikia kwenye simu akiongea juu ya watu wasio na karatasi. Akameza maneno.

Halafu akanyamaza. Message haziingii, simu haishiki.

Mke wangu akamtafuta mwenzake waliyekuwa wakiishi nyumba moja. Akaambiwa Chebet amechukuliwa na watu wa uhamiaji akitoka kazini. Wapi? Hajui. Alisikia amewekwa mahali fulani, alipouliza huko akaambiwa amehamishiwa jimbo lingine. Akipiga ofisi hii, anaambiwa apigie ile.

Wakuu, nilikuwa nakaa ndani ya kioski nikijua hakuna ofisi inayotaka kutuambia Chebet yuko wapi. Na nje, mita chache kutoka hapo, baba yake anapaza sauti kwamba serikali ya Marekani lazima iwe wazi. Niliumia. Nikashindwa kumtazama machoni.

Yeye mwenyewe hakuwa na wasiwasi sana. Aliniambia wanaosomea uuguzi wana mitihani mirefu.

Baada ya muda, mke wangu akapata message kutoka namba ya Kenya. Ni Chebet. Ameshushwa Nairobi na sasa amejibanza kwa rafiki yake Rongai, pembeni ya Nairobi. Akatusihi tusimwambie baba yake. Alitaka amwambie mwenyewe, uso kwa uso, wakiwa wawili tu. Ombi lenyewe lilikuwa la haki, tukakubali.

Lakini Rongai nayo haikosi watu wa kwetu. Binamu yake alimwona supermarket, na badala ya kumsalimia, akampigia Mwalimu kumpongeza kwamba binti amerudi.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa ambalo nadhani sisi wa huku tu ndio tungelifanya.

Mnajua wakimbiaji wetu wakirudi wanavyopokelewa airport? Wananyweshwa mursik, yale maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa mpaka yakaganda. Si ya wakimbiaji peke yao. Hapa Ukipsigis mtoto akitoka ng'ambo hapokelewi mikono mitupu. Mwalimu akapiga hesabu yake: Chebet amemaliza masomo, amekuja kimya ili atushtue. Basi sisi ndio tutamshtua.

Akamwagiza yule binamu amlete siku ya sherehe bila kumwambia lolote, halafu akatangaza kanisani. Tent ikatafutwa, mbuzi wakatafutwa, kwaya ikaanza mazoezi. Mama Chebet akateremsha kibuyu chake kizuri chenye shanga. Na Mwalimu akaja kioskini kwangu akitabasamu kama bwana harusi: "Otieno, leta zile spika kubwa."

Nilijaribu kumvuta pembeni. Nikamwambia Mwalimu, pengine tumngoje kwanza apumzike. Akanipiga bega akaniambia mtu hachoki akifika kwao.

Nikampigia Chebet nikamweleza.  Akauliza, "Kuna watu wengi?"

Nikamwambia ni location nzima, vijiji vyote, na chief amealikwa.

"Basi nitakuja," akasema. "Nikihepa leo, nitahepa mpaka lini?"

Siku ikafika. Gari ya binamu ilipoingia, kwaya ikapasuka kwa nyimbo, wamama wakapiga vigelegele. Chebet akashuka. Watu wakazunguka boot wakingoja masanduku. Hakukuwa na masanduku. Alikuwa na begi moja la mgongoni, na amekonda.

Mwalimu alikuwa na mic yangu mkononi. Alikuwa amevaa suti yake ya Pasaka. Akasema binti yake aliingia Marekani kwa mlango wa mbele, na leo amerudi kwa mlango wa mbele. Watu wakapiga makofi. Mimi nilisimama kando ya mixer, ile mashine ya kupangia sauti, nikiomba ardhi inimeze.

Mama Chebet akasogea na kibuyu. Chebet hakukipokea. Aligeuka, akanitafuta kwa macho, akaninyooshea mkono. Alikuwa anataka mic.

Nilikuwa nimeichukua tu kutoka kwa Mwalimu. Swichi ilikuwa chini ya kidole changu. Ningesema betri imeisha, na kwaya ingeimba, na aibu ingesubiri siku nyingine. Nawaambia ukweli, nilifikiria hivyo. Halafu nikakumbuka vile Chebet aliniambia kwa simu. Nikampa, ikiwa imewashwa.

"Baba," akasema, "mimi sikumaliza shule. Karatasi zangu ziliisha, nikashikwa, nikarudishwa na ndege yao. Wale watu ulikuwa unaona kwa simu wamefungwa pingu, mimi ni mmoja wao. Kama hii mursik ni ya mtu amefaulu, msinipee."

Spika zangu ni kubwa wakuu. Yalisikika mpaka barabarani.

Kwaya ikabaki imesimama.  Mama Chebet alianza kulia, kibuyu bado mikononi mwake. Chief akaanza kutazama viatu vyake.

Mwalimu akamwendea mkewe, akamnyang'anya kile kibuyu. Nilidhani anakirudisha nyumbani. Nilifikiria yote yamekwisha, huyu binti amepoteza baba mbele ya watu.

Akarudi mpaka alipo Chebet. Akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, polepole. Hakuwa na mic, lakini tuliokuwa karibu tulisikia.

"Hii si ya cheti. Ni ya mtoto amefika. Kunywa."

Chebet akanywa huku analia, maziwa yakimteremka kidevuni, na baba yake akampangusa kwa mkono wa suti ya Pasaka. Nililia mimi, mtu mzima, kando ya mixer yangu. Mama Shiro alikuja akaniletea kikombe cha chai.

Siku kadhaa Mwalimu hakuonekana buying centre. Lori zikaja, zikaenda. Bunge likapooza. Kuna walioanza kunong'ona kwamba sasa atageuka, atakuwa adui wa wale conservative wake.

Aliporudi, kila mtu akajifanya anapanga majani kwenye gunia lake. Mama Shiro ndiye aliyejaribu, na alijaribu kwa upole: "Mwalimu, bado uko upande wa wale watu wako?"

Akakaa kwenye benchi kwanza.

"Nchi ni yao," akasema. "Wakitaka kufunga mlango wao, wana haki, na binti yangu alikosea sheria. Hiyo siondoi. Lakini mimi nilicheka. Hiyo kucheka ndiyo naondoa."

Halafu akaongeza, kama anayejisemea: "Nilikuwa napigia serikali ya watu kelele ifungue mafaili. Na kwangu mwenyewe, mtoto aliogopa kufungua mdomo."

 Lori ikaja, tukapanga foleni.

Chebet sasa yuko hapa. Anasaidia kwenye duka la dawa kule sokoni na anatafuta chuo cha kumalizia nursing yake hapa Kenya. Wapo wanaomsema, siwezi kuwadanganya. Akipita wanapunguza sauti. Lakini anapita, na kichwa kiko juu.

Funzo nililopata mimi si la siasa. Ushabiki wa nchi ya mbali ni mtamu kwa sababu unadhani wanaoumia huwajui. Shabikia unayetaka, hata mimi nina wangu. Ila angalia unacheka nini mbele ya watoto wako, maana wanasikia, na siku wakianguka watapima kicheko chako kabla ya kukupigia simu.

Mwalimu bado ananiletea simu kila asubuhi. Bado anasikiliza wachambuzi wake, na bado anataka mafaili yafunguliwe yote. Tofauti ni moja. Ile video ya watu wanaopandishwa ndege ikitokea, ananiambia niisimamishe. Anavaa miwani yake, anasogeza simu karibu, anawatazama nyuso, mmoja mmoja.

Haya wakuu, uwanja ni wenu, hata wenye kunipinga karibuni. Lakini nijibuni hili kwanza: ungekuwa wewe umeshika ile mic, na swichi iko chini ya kidole chako, ungeizima?