Kiganja cha Gbadebo

Mufutau, fundi wetu wa matangi ya faiba hapa Abeokuta, ni mtu wa polepole mpaka anakera. Ukimwita azibe tangi la samaki, analijaza maji, anaketi, anangoja livuje. Maji yakikoma kushuka, anajua tundu liko kimo kile. Hapo anapaka unga wa elubo, ule wa viazi vikuu, kwa nje, na unga ukigeuka mweusi mahali, amelipata.

Kwa jirani yangu Mama Sijuade maji hayakushuka kamwe. Kila asubuhi chini chepechepe, na tangi limejaa pomoni.

"Tangi gani hili, linavuja na halipungui?" Mufutau akaniuliza.

Nilijua, ila siri haikuwa yangu. Mama Sijuade alikuwa anaongeza maji kwa ndoo usiku, fundi asilione tundu. Tangi lile alilitengeneza marehemu mumewe, Gbadebo, na gundi ikiwa bado mbichi alibandika kiganja chake kwa nje. Alama ipo mpaka leo. Sasa unyevu ulitokea palepale kiganjani, na mwanamke aliwajua mafundi: wakiona tundu wanawasha mashine, wanakwangua.

Basi kambare wake, waliotolewa ili tangi lizibwe, wakabaki kwenye mabeseni wakihema juujuu, na wengine wakaanza kufa. Nikachoka naye.

"Unaua samaki kwa ajili ya alama? Watoto watakula kiganja?"

"Usiniingilie. Wewe mumeo yuko ndani anakoroma."

Iliniuma, maana alisema kweli. Nikamwendea Mufutau nikamweleza yote.

Akaja, hakumkaripia. "Mama Sijuade, si ungeniuliza tu? Mimi sizibi kwa nje. Kiraka cha nje maji yanakisukuma kinabanduka. Cha ndani maji yenyewe yanakikandamiza ukutani. Mashine yangu inakwangua ndani. Huku nje napaka unga tu, na unga unafutika."

"Kiganja hukigusi?"

"Nikiguse cha nini?"

Mama Sijuade akaitazama ndoo yake. "Na mimi mgongo umeniisha kwa kubeba maji."

Akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Siku ya mazishi hakulia, watu wakamsema sana. Sasa alilia mpaka akakaa chini kwenye tope, nasi tukamwacha.

Alipomaliza alijifuta uso kwa kitenge, akafungua koki ya tangi mwenyewe.

"Haya, fundi, jiandae kuingia," akasema. "Samaki wananifia."