Wiski Iliyonukia Kibuyu

Kazi yangu ni kuonja chai katika kiwanda kimoja upande wa Boito. Navuta kwa kijiko, nazungusha mdomoni, natema. Kwa hiyo dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi huko Uskoti, alipokuja likizo alinitolea chupa ya wiski. "Si wewe ni mwonjaji? Basi nionjee hii."

Tulikaa jikoni kwa mama, alasiri. Mama ni mtu wa kanisa na hajawahi kugusa pombe, lakini hakuondoka. Aliendelea kuchambua maharagwe huku akitutazama.

Nilinusa. Moshi! Nilitaka kuikataa papo hapo, maana chai ikinuka moshi tunajua tanuri linavuja. Nikavuta kwa kijiko, kwa sauti, kama nilivyozoea. Ilinichoma nikakohoa hadi machozi. Dada alicheka, akaongeza maji kidogo.

"Sasa polepole."

Safari hii nilipata chumvi, kisha harufu ya dawa ya kusafishia vidonda, na mwisho kabisa utamu kama wa muwa uliokaa juani. Nikagundua nimeimeza.

"Inafanana na nini?" dada aliuliza.

Nilikuwa naijua hiyo harufu, ila jina lake halikuja. Mama akanyoosha mkono. "Lete ninuse." Akafumba macho. "Hii ni kibuyu cha maziwa ya mursik, kimesuguliwa makaa ndani juzi tu. Walichoma mti gani?"

"Si mti, mama. Ni udongo. Wanauchimba kwenye kinamasi, wanaukausha, halafu wanakaushia shayiri ya wiski kwa moshi wake."

"Udongo uwake? Usinidanganye na uzee huu."

Kesho yake mama alishuka kwenye kinamasi cha bondeni na jembe. Alirudi na bonge jeusi la udongo lenye mizizi, akaliweka karibu na meko, likakaa hapo hadi likizo ya dada ikawa inaisha. Alipolitia motoni halikufanya lolote, tukadhani limeshindwa. Halafu pembeni likaanza kuwa jekundu, bila mwali, likatoa moshi mzito. Sote watatu tulisogeza pua. Haukufanana na ile wiski hata kidogo. Ulinuka nyasi mbichi na zizi la ng'ombe.

"Kumbe unaungua," mama alisema, akilichokoa kwa kijiti. Alifurahi kweli. "Na ule udongo wa kinamasi cha kwa shangazi yenu kule Kipkelion, ukichomwa unanuka aje?"